Saa 11 jioni, vyombo anaosha nani?

Kila timu ya taifa ya wasichana inapofanya vizuri, mjadala wetu hupita njia ileile. Oktoba 2022 Serengeti Girls walikwenda India kucheza Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Wakafungwa 4-0 na Japan, wakanyanyuka wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, na ghafla Tanzania ipo robo fainali. Watu ambao hawakujua hata kama timu hiyo ipo wakaanza kuuliza vipaji vya namna hii vilikuwa vimejificha wapi. Viwanja vijengwe, mipira igawiwe, maskauti waende mikoani! Kolombia wakatufunga 3-0, kocha Bakari Shime akarudi nyumbani na wasichana wake, na mjadala ukalala mpaka safari nyingine.

Mimi swali hilo la vipaji naliona limekaa vibaya. Huu ni mwaka wa sita nafundisha mpira wasichana wa mtaa wetu huku Temeke, bila posho, kwa filimbi niliyonunua mwenyewe na mipira inayokufa mmoja baada ya mwingine. Nilianza kwa sababu binti yangu, akiwa na miaka tisa, aligoma kuendelea kukaa pembeni ya uwanja akimtazama kaka yake. Katika miaka yote hiyo sijawahi kukosa kipaji hata wiki moja. Ninachokosa kila wiki ni muda.

Tupige hesabu. Shule ya msingi huachia watoto kati ya saa 8 na saa 9 mchana, na walio madarasa ya mtihani hubaki mpaka saa 10. Mtoto afike nyumbani, ale, avue sare. Jua la Dar es Salaam nalo si lile la Ulaya, ambako mwezi Juni watoto wanacheza mpaka saa 3 usiku. Hapa Juni linazama saa 12 na robo, na hata Januari linajivuta tu mpaka saa 1 kasoro dakika chache. Adhana ya magharibi ikilia, msichana anatakiwa awe ndani ya ua wao, awe Mwislamu au Mkristo; hiyo ni sheria ya mtaa ambayo haijaandikwa popote na haivunjwi na mtu. Ukitoa muda wa kutembea kwenda na kurudi, mimi na wasichana wangu tunabaki na dakika 75, mara tatu kwa wiki.

Na dakika hizohizo nyumba nayo inazitaka. Kuanzia saa 10 na nusu mpaka saa 12 jioni ndipo nyumba za uswahilini zinapofanya kazi zake zote kwa mkupuo. Maji yachotwe kabla hayajakatika. Vyombo vya mchana vioshwe ili vya usiku vipate nafasi. Mkaa uwashwe, mchele uchaguliwe, mdogo wa mwisho aogeshwe. Mama aliyeshinda gengeni anamtegemea binti wa miaka kumi na mbili kama ofisi inavyomtegemea mhasibu: asipokuwepo siku moja, mambo yanalala. Kaka yake wa miaka kumi na minne yuko wapi muda huo? Yuko mpirani. Hakuomba ruhusa, maana hakuna kazi inayomsubiri.

Mwaka wa kwanza sikuliona hilo. Nilikuwa na daftari la mahudhurio na sheria yangu: ukikosa mazoezi mara mbili, Jumamosi huchezi. Beki wangu tegemeo, mtoto mwenye utulivu wa mtu mzima, akakosa mara mbili. Nikamweka benchi. Wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia. Nikaenda kwao nikiwa na hotuba kichwani: michezo ni afya, michezo ni ajira, mtoto wa kike akiwezeshwa anaweza. Mama yake akanipa kiti cha plastiki, akaniacha niseme mpaka nikamaliza.

"Mwalimu," akasema, "hayo yote nimeyasikia redioni. Mimi nakuuliza kimoja tu. Una mtoto wa kiume?"

Ninaye.

"Anaosha vyombo?"

Nikacheka, kile kicheko cha mtu aliyekamatwa. Yeye hakucheka.

"Basi binti yako akienda mpirani, vyombo vyenu anaosha mama yake. Vya kwangu ataosha nani, na mimi sokoni natoka saa 12?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijasikia kongamano lolote la soka la wanawake likimjibu yule mama. Kozi za ukocha zinafundisha mfumo wa 4-3-3, zinafundisha kukaba kwa pamoja, zinafundisha hata namna ya kuongea na waandishi wa habari. Kubisha hodi hakufundishwi. Na kwa kocha wa kujitolea anayefundisha wasichana, kubisha hodi ndiyo nusu ya kazi. Nusu nyingine ndiyo mpira.

Siku hizi ratiba yangu haianzii uwanjani. Kila mwanzo wa muhula napita nyumba kwa nyumba na karatasi: maji yenu hutoka siku gani, madrasa ni siku gani, mtoto mdogo hubaki na nani, nani anasukwa Ijumaa. Kwa hiyo tuna wasichana wa Jumatatu na Jumatano, wapo wa Jumatano na Ijumaa, na wapo wanne wanaokuja siku yoyote wanayopata mwanya. Hakuna anayewekwa benchi kwa kukosa. Anayeleta mdogo wake anakaribishwa: chini ya mwarobaini tunatandika mkeka, na anayesubiri zamu ya kuingia ndiye anayeshika watoto. Makocha wenzangu wanasema uwanja wangu umekuwa kliniki. Waseme. Kliniki hiyo ina wachezaji ishirini na sita, na yule beki yumo.

Kuna mahali hesabu hiyo bado inanishinda, nako ni darasa la saba. Wavulana na wasichana wote huacha mazoezi mtihani unapokaribia, na sina ugomvi na hilo. Ila mtihani ukifanyika Septemba, wavulana wanarudi uwanjani kesho yake, tena kwa kelele. Wasichana hawarudi. Kuanzia hapo mpaka kidato cha kwanza kinapoanza Januari, binti yupo nyumbani kutwa nzima, na nyumba ikishazoea kuwa na mtu wa kutwa nzima haimwachii tena. Anajifunza kupika pilau ya watu kumi, anaachiwa genge, wengine wanapelekwa kwa shangazi mkoani "kusaidia kidogo". Januari anaingia sekondari akiwa mtu mwingine kabisa, mwenye majukumu. Tuna mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na ya UMISSETA kwa sekondari, na yote mawili yana soka la wasichana. Nayaheshimu, maana bila hayo wengi wasingegusa mpira rasmi maishani mwao. Lakini ile miezi ya katikati haina mwenyewe. Shule ya msingi imeshamaliza naye, sekondari haijampokea. Aliyebaki ni mtu wa mtaani mwenye filimbi, kama yupo.

Nikifika hapa huwa nasikia jibu la haraka: wazazi waelimishwe. Neno hilo limenichosha. Wazazi ninaowafahamu wanajua sana, na hofu zao nyingi zina msingi. Ipo hofu ya umbo na ndoa, ile ya "atakuwa jike dume", na haiko mtaani peke yake. Agosti 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akizungumza Ikulu, aliwataja wachezaji wa kike kuwa ni wenye vifua bapa na kwamba ndoa kwa wengi wao ni ndoto. Kauli hiyo ilipingwa vikali, ndani na nje ya nchi. Mtaani kwetu ilizungumzwa wiki nzima. Mama mmoja alinijia kuniuliza kama ni kweli mpira unakula kifua. Nikamjibu kwamba mazoezi yanapunguza mafuta ya mwili wote, wa mwanamke na wa mwanamume, na kwamba waliokuwa Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, na leo ni mama wa watoto wapo. Aliridhika nusu. Nusu iliyobaki niliiachia muda.

Lakini hofu kubwa si hiyo, na mara nyingi haisemwi mbele ya kocha kwa sababu yeye ndiye hofu yenyewe. Mwanamume mtu mzima, asiye ndugu, anawaita mabinti wa miaka kumi na tatu jioni, anawashika mabega kuwaelekeza, ana namba zao za simu, anasafiri nao kwenda mechi. Nami ni baba. Mtu wa namna hiyo angekuja kwangu kuomba mwanangu, ningemchunguza mpaka kabila la bibi yake. Kwa hiyo mzazi anayekataa bila kutoa sababu simwiti mshamba. Namwona anafanya kazi ambayo chama cha mpira cha wilaya kilipaswa kuwa kimeshaifanya.

Dawa niliyoipata ni ya kawaida kabisa. Pembeni ya uwanja wetu kuna bibi anauza mihogo ya kukaanga na kachumbari. Mwaka wa pili nilimwomba awe mlezi wa timu. Akauliza mshahara, nikamwambia wateja wenye njaa kila mazoezi yakiisha. Tangu hapo hakuna mazoezi yasiyo na macho yake. Ujumbe wa timu unakwenda kwenye simu ya mzazi, hauendi kwa mtoto. Binti akiumia, mimi nasimama pembeni na anayemgusa ni bibi au mama yeyote aliyepo. Mechi ya ugenini tunaondoka na mama wawili ndani ya daladala, na kama haiwezi kwisha tukarudi kabla ya giza, hatuendi. Tumeshapoteza pointi tatu za mezani kwa sababu hiyo, na waandaaji wa ligi walituona hatuna nidhamu. Wazazi walituona tofauti: mwezi ule nilipata wachezaji wapya watano.

Sasa niseme kidogo mpira wenyewe, kwa sababu na hapo nilianza vibaya. Niliwafundisha wasichana kana kwamba wanaanza na sifuri. Mvulana akija mazoezini ana miaka mitano ya chandimu miguuni, msichana hana, hivyo nikawapangia mstari, koni, pasi, mstari, koni, pasi. Siku moja nimechelewa, nikawakuta wanacheza rede. Wawili pembeni na mpira wa soksi, mmoja katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa. Nikasimama kumtazama yule wa katikati: anainama, anajaza, jicho moja liko kwa mrushaji, kiuno kinadanganya kushoto na mwili unakwenda kulia. Hiyo ni chenga. Kuna winga wa ligi kuu anayelipwa na hana kiuno cha namna hiyo. Watoto hawa wamejifunza kusoma mwili wa adui tangu wana miaka sita, ila hakuna aliyeuita ujuzi huo mpira. Leo mazoezi yetu yanaanza na rede, ila wa pembeni wanarusha kwa mguu na wa katikati ana mpira wake wa kuulinda badala ya chupa. Sikuitoa kwenye kitabu chochote.

Vifaa nitavipitia upesi. Wasichana walio chini ya miaka kumi na tatu wapewe mpira namba 4; namba 5 unawachosha na kuwafanya waupige kwa ncha ya kidole. Bukta ziwe za rangi ya giza. Nyeupe inamfanya msichana aliye kwenye siku zake akae nyumbani, na asije mtu akaona hili ni la uswahilini: England waliacha bukta nyeupe wakavaa za bluu kwenye Kombe la Dunia la 2023 kwa sababu hiyohiyo. Taulo za kike zikae kwenye mkoba wa mama, wala kocha asiulizwe. (Serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo mwaka 2018, ikairudisha 2019 ikisema bei haikushuka. Mkoba wa mama haujapumzika.) Hijabu na taiti ruhusa, na hapa sheria ipo upande wetu: timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mwaka 2011 kwa sababu ya vazi la kichwani, lakini tangu 2014 sheria za mchezo zinaruhusu, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia la wakubwa akiwa na hijabu yake. Nawaomba tu pini zibaki nyumbani.

Goti ndilo silipiti upesi. Msichana akishabalehe, hatari ya kukata ile kano ya katikati ya goti, inayomweka mchezaji nje karibu mwaka mzima, ni kubwa kwake kuliko kwa mvulana wa umri wake. Kwa mchezaji wa klabu tajiri hiyo ni upasuaji na fiziotherapia. Kwa binti wa Temeke ni kuchechemea mpaka uzeeni, na mama yake kuniambia nilikuonya. Upo utaratibu wa kupasha misuli ulioandaliwa na FIFA, unaitwa 11+: kukimbia taratibu, kuimarisha paja na tumbo, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua bila kuacha magoti yaangukiane. Hauhitaji kifaa zaidi ya mpira. Walipoujaribu Norwei kwa wasichana wapatao 1,900 wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa 2008, majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Unachukua dakika 20. Nina dakika 75. Naomba msomaji aone maumivu ya toa hiyo, kisha aniamini nikisema sijawahi kuzirudisha dakika hizo 20 hata siku ya kuamkia fainali.

Kumfundisha mwanao ni somo lingine. Miaka miwili ya kwanza nilimwonea binti yangu ili nisionekane nampendelea: anapiga pasi nzuri nakaa kimya, anakosea namtaja kwa jina. Njiani kurudi nyumbani namchambulia mechi dakika kwa dakika, naye anatembea hatua moja mbele yangu. Siku moja akasimama. "Baba, tukivuka barabara uwe baba." Tukawekeana mpaka: lami ile ya kwenda kituo cha daladala ikishavukwa, mpira hautajwi mpaka autaje yeye. Autaja mara chache, wakati wa kula, akiwa ameshanawa, na hapo ndipo nimejifunza mengi kuhusu timu yangu kuliko kwenye daftari la mahudhurio: nani anacheka na nani, nani amelia, nani hataki kukaa golini ila anaogopa kusema.

Nawaona baba wengine wanakuja na ndoto nyingine, na siwalaumu. Aisha Masaka alitoka hapa akaenda Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya England. Clara Luvanga anafunga mabao Al-Nassr, Saudi Arabia. Twiga Stars wamerudi fainali za Afrika, zile zilizochezwa Morocco Julai 2025, baada ya kuzikosa tangu 2010. Baba anasikia hayo, anapiga hesabu, na binti wa miaka kumi anaanza kukimbizwa alfajiri kama mwanajeshi. Wawili nilishawapoteza kwa njia hiyo. Walikuwa wazuri, wakachukia. Ni ajabu kidogo: mama ananinyima mtoto kwa sababu mpira hauleti chochote nyumbani, baba anamharibu kwa sababu ameshaanza kuzihesabu fedha zake. Katikati yao kuna mtoto anayetaka dakika 75 ambazo hakuna anayemtuma kitu.

Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na saba sasa. Tangu siku ile ya kiti cha plastiki ana zamu ya vyombo Jumatatu na Jumatano, siku za mazoezi ya dada yake. Ratiba imebandikwa mlango wa jikoni, mwandiko wa dada mtu. Wiki za mwanzo alikuwa anafunga mlango wa uani marafiki zake wasimwone. Siku hizi hafungi. Ila jana ilikuwa zamu yake, na leo asubuhi nimeikuta sufuria ya ugali iko palepale chini ya bomba, imejaa maji.

"Nimeiloweka," anasema.